Ridhaa ya Mama Yakobo

Mama Yakobo alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, mgongo kwa mlango, akichambua dagaa kwenye ungo, mlango wa mbele ulipogongwa. Akaitikia kama anavyoitikia siku zote. "Karibu! Pita ndani ukae, nakuja." Hakugeuka. Ageuke ya nini? Wanaogonga nyumba ile asubuhi ni muuza mboga, msoma mita wa maji, mwanajumuiya anayefuatilia michango ya harusi, au jirani aliyeishiwa chumvi, na wote hao wanajua makochi yako wapi.

Alipomaliza ungo akanawa mikono, akaenda sebuleni. Katikati ya zulia alikuwa amesimama korongo, kimo chake kinamfikia Mama Yakobo kifuani, taji la manyoya ya dhahabu kichwani na tope bichi miguuni. Mlangoni alikuwepo mwenzake, bado anasubiri nje, kwa kuwa yeye hakuwa amegonga. Mama Yakobo akaona aibu kumweka mgeni mmoja ndani na mwingine juani.

"Na wewe pita," akamwambia.

Hilo la pili ndilo lililomuudhi mwanaye, Yakobo, aliporudi jioni kutoka kiwandani Nyakato. Alivua viatu, akawatazama ndege, akamtazama mama yake.

"La kwanza ni bahati mbaya," alisema. "Sasa hili la pili, mama, si ulikuwa unamwona kwa macho yako?"

"Ningemwachaje mtu mlangoni?"

"Si mtu."

"Kagonga kama mtu," alisema Mama Yakobo, akaenda kusonga ugali.

Jina lake hasa ni Sabina Masalu. Nyumba yake iko Ng'wasuka, mtaa wa mlimani juu ya ghuba, mawe makubwa nyuma na ziwa mbele. Kiwanja alikinunua mwenyewe kwa dagaa baada ya mume wake kufariki, na tofali zilipanda kwa kufuata dagaa. Msimu ukiwa mzuri ukuta unapanda. Mvua ikinyesha wiki nzima, dagaa wakaozea kwenye chanja, ukuta unakaa palepale, na watu wanaopita wanauliza hii nyumba itaisha lini. Alihamia kabla ya madirisha kuwekwa. Alilala na upepo wa ziwa mwaka mzima, amejifunga khanga kichwani, na alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo kabla wala baada. Nyumba ile ndiyo kitu pekee duniani chenye jina lake. Hata Yakobo anatumia jina la baba yake.

Sasa, wale korongo hawakuja kwa kupotea njia. Walikuja kwa mujibu wa Mpango.

Mpango ulikuwa na jina refu ambalo hata wenyewe waliokuja nao walilisoma kwenye karatasi, kwa hiyo watu wakauita Mpango tu. Lengo lake lilikuwa zuri na hakuna aliyelipinga. Viumbe walio hatarini kutoweka wapate pa kuishi, wananchi wapate maendeleo, na wote hao wakae kwenye mwambao mmoja bila kugombana. Wataalamu walizunguka na mitumbwi na darubini. Walitafuta korongo. Walitafuta nzohe, yule swala wa kwenye mafunjo mwenye kwato ndefu. Walitafuta ningu, samaki ambaye wazee wa Ng'wasuka walikula wakiwa watoto na wajukuu wao wanamsikia kwenye hadithi. Kisha wakachora ramani. Kijani ni makazi ya viumbe, njano ni maendeleo. Ukaitishwa mkutano wa wadau, kukawa na soda na sambusa, ramani ikabandikwa ukutani mbali na viti, na Mpango ukapitishwa kwa kauli moja. Mama Yakobo alikuwepo. Alipiga makofi kama wenzake, tena kwa nguvu, maana korongo anawapenda tangu utoto.

Kitu ambacho hakikuonekana kutoka kwenye viti ni kwamba kinamasi cha ghubani, ambako korongo walikuwa wanaishi miaka yote, kilikuwa kimepakwa njano. Pale pangejengwa hoteli yenye gati ya boti. Kijani kilikuwa huku juu, mtaani.

Wataalamu walitegemea kwamba viumbe wangechukua miaka kuzoea. Lakini korongo ni ndege watii kuliko watu wengi. Juma lile lile Mpango ulipotiwa saini wakaanza kupanda mlima kwa miguu, wawili wawili, wakigonga milango. Kinamasi chenyewe kikawafuata nyuma.

Maji yalipanda bila mvua, polepole, jinsi maziwa yanavyopanda kwenye sufuria. Sebuleni kwa Mama Yakobo sakafu ilianza kutoka jasho. Zulia likavimba. Mafunjo yakachipua nyuma ya kabati la runinga, na baada ya siku chache yakafika dirishani. Korongo walikata yale mafunjo kwa midomo, wakayapanga juu ya kochi kubwa, lile la watu watatu, na yule aliyegonga mlango akataga mayai matatu. Mama Yakobo alipandisha magunia ya dagaa juu ya meza, akahamishia kitanda jikoni ambako bado palikuwa pakavu, na akaendelea na biashara yake. Jioni alikuwa anatazama taarifa ya habari akiwa amesimama, maji kwenye vifundo vya miguu, korongo upande wake wa kushoto. Walikuwa wageni wazuri. Hawakupiga kelele wakati wa habari.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mama Jivraj, alipata nzohe. Mama Jivraj, jina lake Shanta, ni mjane wa ukoo wa wenye duka la vitenge kule Mkuyuni, na nyumba aliyomo ilijengwa na baba mkwe wake enzi Ng'wasuka ikiwa na nyumba za kuhesabika. Nzohe aliingia stoo akalala kati ya mapipa ya mchele. Alikuwa na mimba. Ningu walitokea kwenye tangi la maji, wanene, wakawa wanagonga plastiki kwa vichwa.

"Nilisikia miguu kwenye baraza," Mama Jivraj alimwambia Mama Yakobo juu ya ukuta. "Nikasema karibu, vua viatu. Hakuvua."

"Hana viatu huyo, Mama Jivraj. Ni kwato."

"Najua ni kwato. Mazoea tu."

Mtaa mzima ulikuwa umesema karibu. Wengine walisema wakiwa bafuni, wengine wakiwa wanasali, wengine usingizini. Hakuna aliyekumbuka kufikiri kabla ya kusema, kwa sababu ni neno ambalo mtu halifikirii.

Ndipo likaja gari la matangazo. Lilipita taratibu, spika mbili juu, muziki wa kwaya ukikatizwa na sauti ya mwanamke aliyesoma masharti ya Mpango. Alisema kwamba nyumba yoyote ndani ya kijani ambayo kiumbe ameingia bila ridhaa ya mwenyeji, mwenyeji atalipwa fidia na kupewa kiwanja Buswelu. Na nyumba ambayo kiumbe amekaribishwa, hiyo itahesabika kuwa mwenyeji ameitoa kwa hiari yake kwa ajili ya uhifadhi, na Mpango unamshukuru sana. Kisha akarudia kwa sauti ya juu zaidi, kwa ajili ya watu wa nyuma ambao huenda hawakusikia. Kwaya ikaendelea.

Mama Yakobo alikuwa anaanika dagaa. Alisimama na ungo mkononi, na hofu ikamwingia tumboni, ikakaa pale kama ugali uliolala. Haikutoka tena. Aliamka nayo, akaenda nayo mwaloni kuchukua dagaa, akarudi nayo. Kila gari lililopanda mlima alidhani ni wao. Akisikia mlango unagongwa alikuwa anakaa kimya, amejishika mdomo kwa mkono, akingoja mgongaji aondoke. Muuza mboga alikasirika, akaacha kupita kwake.

Wakati huo mstari wa Mpango ulikuwa umeanza kuonekana wazi. Hakuna aliyekuwa ameiona ramani kwa karibu, lakini sasa haikuwa na haja. Ulikuwa unatazama tu maji yalipoishia. Mafunjo yalipanda mtaani yakiwa yamenyooka kama yamepigwa rula, nyumba kwa nyumba, hadi kufika kwa Malimi, mwenyekiti wa mtaa. Hapo yalikata kona. Yaliizunguka nyumba ya mwenyekiti kwa nyuma, yakapita kati ya ukuta wake na choo cha jirani, yakaacha nje bustani yake na kibanda chake cha kuku, yakarudi barabarani, na kuendelea kunyooka kama mwanzo. Nyumba ya Malimi ilibaki katikati ya kinamasi ikiwa kavu, vumbi uani, nguo za mke wake zimeanikwa. Ukienda ukingoni, juu ya mawe, ulikuwa unaona na ghuba kule chini. Maji yalikuwa yameondoka kabisa. Ardhi ilikuwa imepasuka kwa ukavu, na matrekta yalikuwa yanachimba msingi wa hoteli bila shida yoyote ya tope.

Kwenye mkutano wa mtaa mtu mmoja aliinua mkono, akauliza kwa heshima ile kona imetokana na nini.

"Mstari umechorwa na wataalamu," alisema Malimi. "Mimi mwenyewe nimeuona kama mlivyouona ninyi."

"Ahsante mwenyekiti," alisema muulizaji, akakaa. Wakapita kwenye ajenda ya ulinzi.

Afisa Ridhaa alianza kupita nyumba kwa nyumba kutokea chini. Aliitwa Nathaniel, kijana mpole mwenye mabuti ya mpira, na nyuma yake lilikuwa linatembea lori lenye vizimba. Kwa Mzee Ngosha, nyumba ya pili, aliuliza kama korongo walikaribishwa. Mzee Ngosha alisema hapana, hajawahi kuwaona, amewakuta tu ndani. Nathaniel akaandika, vijana wa lori wakaingia na wavu, korongo wakabebwa. Walipokuwa wanatolewa mayai yaliangukia kwenye ngazi. Mke wa Mzee Ngosha alifagia ngazi, akafunga mlango, na Ijumaa yake wakahamia Buswelu. Kiwanja walipewa kweli. Yakobo alikwenda kuhakikisha kwa macho yake, akakuta Mzee Ngosha ameshapanga mawe ya msingi, na barabara ya gari inafika mpaka pale.

"Mama, ni neno moja tu," Yakobo alisema aliporudi. "Hapana. Ukishasema hapana tunajenga upya. Nitakusaidia, nitachukua zamu mbili. Vyumba vitatu, na frem ya duka mbele."

"Na wao?"

"Watapelekwa kwenye hifadhi nyingine."

"Ipi?"

Yakobo hakujua. Hakuna aliyejua. Lori lilikuwa linashuka limejaa na kupanda tupu kabla chai haijapoa.

Wakaanza kufanya mazoezi. Walifanyia jikoni, mlango umefungwa, Yakobo akiwa ndiye afisa. "Mama, je, uliwakaribisha?" Mama Yakobo anajibu, "Sikuwakaribisha." Mara ya kwanza sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. Mara ya pili alicheka kwa woga. Ili wageni wasisikie walihamia Kisukuma, wakawa wananong'onezana, mpaka Mama Yakobo alipokumbuka kwamba korongo wale wamezaliwa hapahapa na huenda Kisukuma wanakijua kuliko Kiswahili. Akafungua mlango kidogo kuchungulia. Mmoja alikuwa kwenye mayai. Mwingine alikuwa amesimama kwa mguu mmoja karibu kabisa na mlango wa jikoni, anatazama upande mwingine, kama anavyofanya mtu mwenye adabu aliyesikia yasiyomhusu.

Usiku ule Mama Yakobo alilia. Alimlilia marehemu mume wake, akazililia tofali zake moja moja, akajitukana kwa mdomo wake uliozoea kukaribisha. Kwani ingegharimu nini kugeuka? Angegeuka tu, akaona ni ndege, akasema shii!

Asubuhi alimuuliza Mama Jivraj yeye atajibu nini.

"Nimeshajibu. Kaja jana," Mama Jivraj alisema. Alikuwa amekunja sari yake juu ya magoti, anatoa gamba la ningu kwenye koki ya tangi. "Nimesema ndiyo."

"Mama Jivraj! Na nyumba?"

"We mwanangu, mimi nimeolewa nikaletwa nyumba hii. Baba mkwe alikuwa hapa barazani kila jioni. Apite Mhaya, apite Mkerewe, apite mwehu, karibu chai. Leo nimwambie huyu kijana kwamba mtu wa kwanza kumkatalia ni mnyama mwenye mimba?" Alitupa gamba. "Nitakaa kwa kaka yangu, juu ya duka, Mkuyuni. Mke wa kaka yangu hanipendi. Tutajuana naye huko huko."

"Mimi sina kaka mwenye duka."

"Najua," alisema Mama Jivraj. "Wewe sema hapana. Hakuna atakayekulaumu. Mimi nitakulaumu kidogo tu, halafu nitaacha."

Nathaniel alikuja siku iliyofuata. Yakobo alikuwa ameomba ruhusa kazini, amevaa shati la kanisani. Lori lilisimama nje, injini inaunguruma.

"Shikamoo mama," Nathaniel alisema mlangoni.

"Marahaba. Karibu," Mama Yakobo alisema, na Yakobo akafumba macho.

Afisa akakaa kwenye kochi dogo, mabuti yake ndani ya maji, akawasalimia korongo kwa kichwa. Alikataa chai kwa kuwa alikuwa amekunywa kwa watu wengi. Alionekana amechoka, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Alieleza masharti tena, taratibu, yote mawili, ili asije akalaumiwa. Kisha akauliza.

"Mama, je, viumbe hawa waliingia kwa ridhaa yako? Uliwakaribisha?"

Yakobo akakohoa. Ndivyo walivyokuwa wamepatana, akikohoa mama ajibu. Mama Yakobo alikuwa na neno tayari, liko mdomoni kabisa, amelifanyia mazoezi kwa lugha mbili. Yule korongo wa kwenye kochi kubwa akainuka, akageuza mayai kwa ncha ya mdomo, moja baada ya jingine, akakaa tena na kutulia.

"Nikisema hapana," Mama Yakobo aliuliza, "wanaondoka lini?"

"Sasa hivi. Lori liko nje."

"Na mayai?"

Nathaniel alipekua karatasi zake mbele na nyuma. "Mayai hayamo kwenye bajeti, mama."

"Kwa hiyo yanabaki."

"Yanabaki. Yatakuwa ya kwako."

Yakobo akakohoa tena, kwa nguvu, kama mgonjwa. Mama Yakobo alimtazama mwanaye, mabega yake mapana aliyoahidi kubebea tofali, akamwonea huruma. Alitaka kusema hapana. Alitaka sana. Alikitaka kile kiwanja cha Buswelu na frem yake ya duka na barabara inayofika.

"Niliwakaribisha," alisema.

"Wote wawili?"

"Wa kwanza nilikuwa nimempa mgongo. Wa pili nilimwona kabisa."

Nathaniel aliandika. Akasimama, akampa mkono, akampongeza kwa niaba ya Mpango, na kutoka kwenye begi lake akatoa fulana ya kijani yenye picha ya korongo kifuani na kofia inayofanana nayo. Aliuliza saizi. Yakobo hakungoja kusikia saizi. Alitoka na viatu vyake mkononi, akapita pembeni ya lori, akashuka mlima peku. Vijana wa lori wakampisha.

"Una mpaka mwisho wa mwezi, mama," Nathaniel alisema.

Vifaranga vilitoka kabla ya hapo, viwili, yai la tatu halikuwa na kitu. Vilikuwa na rangi ya uji wa ulezi na vilitembea siku ileile, vikifuata vidudu kati ya miguu ya meza. Mama Yakobo alivitazama akafurahi, kisha akakumbuka, kisha akafurahi tena. Mwisho wa mwezi alichukua godoro, kigoda, masufuria na magunia yake ya dagaa. Makochi aliyaacha, maana kubwa lilikuwa na kiota, na kuvunja seti siyo vizuri. Wakati anafunga mzigo korongo mkubwa alisimama mlangoni mpaka mkokoteni ulipokata kona.

Akaenda kukaa na Yakobo, chumba kimoja Nyakato, nyuma ya ukuta wa kiwanda, pazia katikati. Yakobo alimpa kitanda, yeye akalala kwenye godoro chini. Alimnunulia mafuta na sabuni, alimlipia umeme, na hakumsemesha. Jumapili alikuwa anapitia Buswelu, akirudi anakaa kwenye godoro lake na kutaja peke yake mahali nyumba ya Mzee Ngosha ilipofikia. Wamefunga lenta. Wamepaua. Mama Yakobo alikuwa anasikiliza upande wa pili wa pazia, na kila neno lilimwingia. Halafu jioni moja Yakobo alirudi na chipsi mayai sahani mbili, akafungua pazia, wakala pamoja. Pazia halikufungwa tena mchana.

Hoteli ilikwisha, gati likakwisha, boti zikaja. Malimi aliongeza vyumba uani kwake, akapangisha wafanyakazi wa hoteli. Mpango ulisifiwa hata na wageni kutoka mbali, maana korongo walikuwa wameongezeka, nzohe wamezaa, na maendeleo yameonekana, vyote kwenye mwambao mmoja. Kupitia mtaa wa Ng'wasuka likajengwa daraja la mbao la wageni kupita, likiingia mlango wa mbele wa nyumba hii na kutokea mlango wa nyuma wa ile. Mara moja kwa mwezi wananchi waliruhusiwa kuingia bure.

Mama Yakobo alikwenda siku moja na Mama Jivraj. Walipanga mstari getini pamoja na wanafunzi wa shule na familia moja kutoka Dodoma. Aliyewaongoza alikuwa binti wa sare ya kijani, mchangamfu, anayejua kazi yake. Aliwaonyesha stoo ya Mama Jivraj, nzohe na mtoto wake kati ya mapipa. Mama Jivraj alitazama mapipa, akasema ni wazuri sana. Kisha wakavuka kwenye nyumba ya Mama Yakobo.

"Hapa ni makazi ya asili ya korongo wenye taji," binti alisema. "Eneo hili ni la kipekee kwa sababu halijawahi kukaliwa na binadamu."

"Na makochi?" aliuliza baba wa kutoka Dodoma, akiinua simu apige picha.

"Nayo ni ya asili. Korongo hupendelea sehemu zenye makochi."

Yule baba akashukuru, akapiga picha. Mama Yakobo alikuwa amesimama kwenye kamba, mahali palipokuwa pakikaa meza. Korongo aliyekuwa kwenye kochi kubwa aligeuza kichwa, akamwona. Akajiinua, akasogea mpaka mwisho wa kochi, akakaa tena. Pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Anajinyoosha," binti aliwaeleza wageni. "Tafadhali tusivuke kamba."

Kundi likasogea mbele kuelekea jikoni. Mama Yakobo hakusogea. Mama Jivraj alimgusa kiwiko, akaona uso wake, akamwacha.

"Binti yangu," Mama Yakobo alisema. "Wageni wanaruhusiwa kukaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa kumi, mama."

"Ahsante."

Akasimama pale kwenye kamba, pochi yake kifuani, wakati makundi mengine yanaingia na kutoka nyuma yake. Korongo hakurudi katikati ya kochi. Saa kumi kengele iligongwa, na Mama Yakobo akatoka na wageni wengine.